Kunoa kisu cha randa kikatoka mraba: gabari ya kujitengenezea

Kabla ya kuwasha mashine yoyote, chukua ekeri (kipimo cha pembe mraba) na kisu chako cha randa, usimame mlangoni penye mwanga. Bana shina la ekeri, ule mkono mnene, kwenye ubavu wa kisu, ulimi wake, ule mwembamba, ukae juu ya makali, kisha inua vyote viwili utazame angani. Mwanga ukipenya upande mmoja tu, kisu kimekwenda mshazari, na hata ukikisugua kwenye jiwe la mafuta mpaka kesho hakitarudi.

Mimi nilifundishwa na mlango. Nilikuwa naunganisha mbao tano za libuyu kwa ajili ya nyumba moja ya Himbi, hapa Goma, na maungo yakakataa kufunga. Nikipiga randa ubavu wa ubao, kushoto maranda yanatoka manene kama karatasi ya boksi, kulia vumbi tupu. Nikalaumu mbao, nikalaumu meza. Kijana anayejifunza kwangu alikuwa amesimama ananitazama, mwisho akasema, "Fundi, hii kisu inakula upande moja."

Alikuwa na haki. Siku mbili nyuma nilikuwa nimekipeleka kwa jirani anayechomelea vyuma, nikakinoa kwa mikono mitupu kwenye jiwe la mashine yake. Jiwe lenyewe kazi yake ni kusugua nondo, na katikati lilikuwa limeliwa mfereji unaoweza kulaza penseli. Kisu kilitoka mshazari, na kona moja ikawa ya buluu. Hiyo buluu nitaifikia, maana ndiyo iliyonigharimu zaidi.

Tangu hapo nanoa kwa gabari, yaani kibanio kinachoongoza kisu mbele ya jiwe. Ni vipande viwili vya mbao na bolti mbili, hakuna cha kuagiza ng'ambo.

Mraba unatoka wapi

Wengi tunadhani jiwe likiwa zuri kisu kitatoka kizuri. Lakini tazama kinachotokea. Kisu kinatembea kulia na kushoto mbele ya jiwe linalozunguka. Jiwe likiwa na nundu, nundu ndiyo inayokata, na inachora makali kufuata njia ambayo kisu kimepitishwa. Njia ikiwa imenyooka, makali yananyooka. Njia ikiwa ni mkono wako, makali yanafuata bega, pumzi na mwenye mbao anayekuita simu. Kwa hiyo kazi yote ya mraba inafanyika kabla umeme haujawashwa: kisu kibanwe mraba kwenye gabari, na gabari iteleze kwenye ukingo ulionyooka. Ukiyapata hayo mawili, hata jiwe bovu kidogo litakutii.

Kutengeneza gabari

Tafuta mbao ngumu iliyokauka sawasawa. Mvule, ule ambao wauzaji wengine wanauita kambala, unafaa. Libuyu pia. Mkaratusi acha. Ni mti wa kutengenezea chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo, unavumilia magunia na mawe ya barabarani, lakini ukikauka unajipinda, na gabari iliyopinda ni uongo unaourudia kila siku.

Kata vipande viwili, kila kimoja urefu wa sentimita 14, upana milimita 30, kimo milimita 25. Hizo ndizo taya mbili: ya juu na ya chini. Zipige randa (kwa kisu cha kuazima kama chako ndicho hicho) mpaka nyuso zao ziwe zimenyooka. Zibane pamoja, uzitoboe kwa mara moja matundu mawili ya bolti za milimita 8, umbali wa sentimita 8 kati ya moja na nyingine. Nafasi hiyo inapitisha kisu cha milimita 50, ambacho ndicho upana wa randa nyingi za chuma za namba 4 na 5, na hata kile kipana cha milimita 60. Bolti za urefu wa milimita 70 zinatosha, na nati za masikio ni bora kwa kuwa hazihitaji spana.

Uso mmoja wa taya ya chini ndio utakaoteleza kwenye ukingo. Uchague, uhakikishe kwa rula ya chuma kwamba umenyooka, uutie alama ya kalamu usije ukaugeuza, kisha upake mshumaa.

Egemeo

Egemeo, yaani pale kisu kinapoegemea mbele ya jiwe, lile dogo la bati linalokuja na mashine ni jembamba na linacheza. Lifungue uliweke pembeni. Badala yake kata tripleksi (plaiwudi) ya milimita 18, upana sentimita 25, kina sentimita 9. Chini yake funga bawaba mbili, zikae ndani kiasi cha sentimita 4 kutoka ukingo unaokutazama wewe, kusudi taya ya chini ipate pa kupita. Upande wa pili wa bawaba unashikwa na ubao wa chini uliofungwa kwa skrubu mezani. Upande wa karibu na jiwe utainuka na kushuka, nawe utauzuia kwa kabari mbili za mbao. Nafasi kati ya egemeo na jiwe isizidi milimita 3, maana pengo kubwa linaweza kuvuta kisu ndani, na kisu kikivutwa kidole kinafuata.

Sasa kuulinganisha ukingo wa nje na mashine. Chomoa waya kwanza. Weka shina la ekeri kwenye ukingo wa nje wa egemeo, ulimi uelekee kwenye jiwe na ulale kwenye ubavu wake bapa. Ubavu wa jiwe umekaa mraba na mhimili, kwa hiyo ulimi ukigusa ubavu wote bila mwanga katikati, ukingo wako uko sambamba na mhimili. Zungusha jiwe nusu mzunguko upime tena, kwa sababu mawe mengi yanayumba kidogo. Ukikosea hapa kisu bado kinaweza kutoka mraba, ila jiwe litakata kwa kona yake badala ya uso, mlazo utajaa mistari na chuma kitapata moto upesi.

Huo mlazo ninaousema ni ule upande wa kisu uliokatwa kwa mshazari kuelekea makali. Upande wa pili, ulio bapa, ni mgongo.

Kubana kisu

Ondoa chuma cha juu kilichofungwa kwenye kisu, ubaki na kisu peke yake. Kilaze kati ya taya, mlazo ukitazama chini, na ukaze nati kidogo tu. Sasa ekeri: shina kwenye uso ule uliotia alama, ulimi kwenye ubavu wa kisu. Gongagonga kisu mpaka kikae sawa, kaza nati zote mbili kwa zamu, kisha pima tena. Huwa kinahama wakati wa kukaza, na usipopima mara ya pili umefanya kazi bure.

Kuna mtego kwenye visu vya zamani. Bavu zake mbili haziko sambamba kila mara, hasa kwenye randa za mbao ambazo kisu chake hupungua upana kuelekea juu. Pima kwa bavu zote mbili. Zikitoa majibu tofauti, chora mstari wa katikati ya kisu kwa sindano ukifuata ule upenyo wa skrubu, na mraba wako uupime kwa mstari huo.

Pembe

Kwa mashine tunakata digrii 25, kisha kwenye jiwe la mkono tunamalizia digrii 30. Huna kipima pembe? Pima unene wa kisu. Kwa digrii 25, urefu wa mlazo ni unene mara 2.4 hivi. Kisu cha milimita 2, kama vile vya randa nyingi za chuma, kinakuwa na mlazo unaokaribia milimita 5. Kisu kinene cha milimita 3 kinafika 7. Ukipata mlazo ambao ni mara mbili tu ya unene, hiyo tayari ni digrii 30.

Paka mlazo wote wino wa kalamu nene. Weka gabari mahali pake, zungusha jiwe kwa mkono, mashine ikiwa bado haina umeme, kisha tazama wino umefutika wapi. Umefutika karibu na makali: pembe ni kubwa mno, piga kabari ndani ili egemeo liinuke upande wa jiwe. Umefutika huko nyuma, kwenye kisigino cha mlazo: legeza kabari. Ukifutika katikati umefika. Piga skrubu kuzuia kabari zisitembee, na chora alama pembeni. Kuanzia leo hutarudia tena hatua hii kwa kisu hicho.

Jiwe lenyewe

Jiwe jipya ligongwe kabla ya kufungwa: lining'inize kwenye kidole, liguse kwa mpini wa bisibisi. Likilia kama kengele ni zima. Likijibu kwa sauti ya chungu kilichopasuka, litupe. Soma pia mzunguko ulioandikwa ubavuni, usiwe mdogo kuliko wa mashine. Mashine nyingi za mezani kwa umeme wetu wa hezi 50 huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Chembe za namba 60 au 80 zinafaa visu. Ukiwasha, simama pembeni dakika ya kwanza. Vaa miwani. Glavu vua, na kitenge au kamba ya koti visining'inie.

Jiwe linalong'aa limeziba, na linachoma badala ya kukata. Lifufue kwa kipande cha jiwe gumu la kusafishia au kwa gurudumu la meno, na ukiweza liache likiwa limevimba kidogo sana katikati. Watu hulishangaa hilo. Jiwe lililovimba linagusa sehemu ndogo kwa wakati mmoja, chuma kinapata nafuu, na mnyoofu unaendelea kutoka kwenye ukingo kama nilivyoeleza.

Vijana huniuliza kwa nini tusitumie jiwe la volkano, ambalo hapa tunalikanyaga bure. Limejaa matundu ya hewa. Linafaa ukuta wa uzio na kusugua visigino.

Kunoa

Kama makali yana pengo, na kwa sisi wa hapa yatakuwa nayo, anza kwa kuondoa pengo. Mvule hubeba ndani yake vijiwe vya chokaa ambavyo huvioni mpaka kisu kilie. Halafu kuna mbao zilizolazwa chini kwenye vumbi la lava, zinarudi na mchanga mweusi umeshika kwenye nyuzi. Piga brashi ya chuma mbao kabla ya randa; ni dakika moja, inaokoa nusu siku. Kuondoa pengo, shusha egemeo mpaka kisu kielekee moja kwa moja katikati ya mhimili, upitishe kulia na kushoto mpaka pengo liishe. Utabaki na makali bapa, butu kabisa. Usiogope. Ubutu huo una unene, na unene haushiki moto haraka kama ncha kali. Rudisha egemeo kwenye alama ya digrii 25.

Sasa kina. Kata vipande vinne vya jalada la faili, urefu wa egemeo, uvibandike kimoja juu ya kingine kwenye ukingo wa nje kwa gundi ya karatasi kwenye ncha tu. Taya inateleza juu ya vipande hivyo. Bana kisu kiasi kwamba kwa vipande vyote vinne kinagusa jiwe kwa shida. Ukimaliza kupitisha mpaka cheche zinyamaze, bandua kimoja, endelea. Hivyo jiwe linakula kidogo kwa kipimo kilekile, na huna haja ya kulegeza nati na kupoteza mraba.

Sukuma kwa vidole viwili, si kwa bega. Pitisha kisu chote, kona mpaka kona, kitoke nje ya jiwe pande zote mbili bila kusimama katikati. Ukisimama, umechimba shimo.

Na maji. Weka bidoni (dumu) lililokatwa karibu na goti, na chovya kila baada ya kupita mara mbili, gabari ikiwa bado imebana. Huku maji yanatoka mbali na watu wanayalipia, lakini lita mbili hizi zinafanya kazi wiki nzima. Dondosha tone moja juu ya kisu karibu na makali: likianza kuchemka, ondoa. Au weka kidole cha shahada nyuma tu ya makali. Usipovumilia, chuma pia hakivumilii.

Ile buluu sasa. Chuma cha kaboni, ambacho ndicho kilichomo kwenye randa nyingi za zamani, kikifika digrii 220 hivi kinageuka rangi ya majani makavu. Kikifika karibu na 300 kinakuwa buluu, na hapo ugumu umeondoka. Kukichovya kwenye maji baada ya buluu hakurudishi kitu. Makali hayo yatalala kwenye ubao wa kwanza. Dawa yake ni moja: kata sehemu yote ya buluu, polepole, kwa maji mengi. Kisu changu cha ule mlango kilipoteza karibu milimita 4 kwa kona moja tu.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, inua kisu mara moja, usiache jiwe lipungue mwendo likiwa linakigusa. Kama una mashine ya kuzungusha kwa mkono, gabari hii inaifaa kuliko hata ile ya umeme, maana mkono mmoja unatosha kuongoza kisu na mwingine unazungusha. Ni ya taratibu na haichomi chuma kirahisi. Siku za giza hiyo ndiyo atelie (karakana) yangu.

Acha uzi mwembamba wa makali ya zamani bila kuguswa na jiwe, upana wa nusu milimita. Uliondoa pengo? Basi simama pale ubutu unapobaki uzi wa mwanga usioonekana ila ukigeuza kisu dirishani. Hicho kilichobaki ni cha jiwe la mkono.

Kumalizia kwa mkono

Toa kisu kwenye gabari. Jiwe la mviringo limeacha mlazo wenye bonde dogo katikati, na bonde hilo ni zawadi: ukilaza mlazo kwenye jiwe bapa unakaa kwa miguu miwili, kisigino na ncha, na unausikia ukikaa. Inua kisigino kidogo sana kufikia digrii 30.

Jiwe zuri la mafuta likikosekana, omba fundi wa vioo kipande cha kioo kinene, ukibandike msasa wa maji: 400, halafu 800, halafu 1200. Sugua mgongo kwanza, ukiwa bapa kabisa, sentimita mbili za mwisho mpaka zing'ae sawasawa. Mgongo usionyooka hauna makali hata mlazo ukiwa wa ajabu. Kisha mlazo, kwa mipigo mifupi, mpaka usikie kwa kidole nywele ya chuma imegeukia mgongoni, upana wote wa kisu. Ikisikika upande mmoja tu, bado hujamaliza ule mwingine. Geuza, laza mgongo, piga mara mbili tatu nywele ipungue, rudi kwenye mlazo kwa mkono mwepesi. Malizia kwa kuvuta, kamwe usisukume, kwenye kipande cha mkanda wa ngozi.

Kujua kama umefaulu

Ekeri tena mlangoni, kama mwanzo. Kisha kirudishe kisu kwenye randa, uifunge mezani kichwa chini. Chukua kijiti chembamba cha mbao laini, ukipitishe juu ya kisu kwenye kona ya kushoto, halafu ya kulia. Linganisha maranda mawili kwa vidole. Yakitofautiana kidogo, mkono wa pembeni wa randa ya chuma unatosha kurekebisha. Yakitofautiana sana, kisu kilihama kwenye taya; rudi kwenye ekeri kabla ya kurudi kwenye jiwe.

Kama kisu ni cha kukwangua mbao mbichi za msumeno, mraba huu wote usikutese: hicho hunolewa kikiwa na upinde, kona zikiwa zimerudi nyuma, na unakipata kwa kukandamiza zaidi kona hizo kwenye msasa. Mraba tunautafuta kwa maungo, milango na meza.

Kifute maji yote, kipake tone la mafuta ya cherehani, ukilaze kwenye kitambaa. Vile vipande vya jalada la faili vifungie na gabari kwa mpira, na juu ya taya andika kwa kalamu ni kisu kipi ulichokipimia.